Mtoto katoroshwa ng'ambo, waziri anasema "si mamlaka yangu": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa sababu ya barua moja. Mama mmoja anayeishi Glasgow, Scotland, aliniletea mezani kwangu ili nimtafsirie. Ilikuwa na mistari sita, na mstari wa nne ulisema kwamba suala lake liko chini ya mawaziri wa serikali iliyogatuliwa. Chai yake ilipoa huku akiniuliza swali lile lile: "Kwa hiyo wamekataa?" Kwenye simu yake alikuwa na picha ya tiketi ya mtoto, na tarehe ya kurudi ilikuwa imepita wiki tatu. Hawakuwa wamekataa. Mlango aliogonga haukuwa wake, na barua haikumwambia wake ni upi.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali ya namna hiyo na wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili nchini Uingereza, na pia na ndugu zao walioko nyumbani. Haya ndiyo majibu. Ninaposema Uingereza nina maana ya nchi nzima. England ni sehemu moja tu ya nchi hiyo, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yanayofuata.

Ugatuzi wa Uingereza ukoje?

Msomaji wa Kenya neno ugatuzi analijua kwa kaunti 47. Huku si hivyo. Pengine Mtanzania ataelewa haraka zaidi akifikiria Mambo ya Muungano: yapo yanayoamuliwa na serikali ya Muungano, mambo ya nje yakiwemo, na yapo ambayo Zanzibar inayaamua yenyewe kwa Baraza lake la Wawakilishi na mahakama zake.

Sheria za mwaka 1998 ziliunda mabunge ya Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Lakini hayakupewa mamlaka sawasawa. Scotland ina sheria yake ya familia na mahakama zake, kama ilivyokuwa hata kabla ya ugatuzi. Ireland Kaskazini ilikabidhiwa masuala ya polisi na sheria mwaka 2010. Wales bado iko chini ya mfumo mmoja wa mahakama pamoja na England, ingawa huduma ya maofisa wanaoandikia mahakama ripoti kuhusu watoto iko chini ya serikali ya Wales, iliyoko Cardiff.

Mambo ya nje yamebaki London. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana wanajiambia kwamba mtoto kavuka mpaka, mpaka ni mambo ya nje, basi ni London. Sheria ya Scotland ya 1998 inasema jambo la pili ambalo watu hawalisomi: kutekeleza wajibu unaotokana na mikataba ya kimataifa hakumo katika yaliyobakizwa London. London inatia saini mkataba, Edinburgh, yaani serikali ya Scotland, inautekeleza upande wake. Mtoto mmoja, serikali mbili.

Mkataba wenyewe unasema nini?

Ni Mkataba wa Hague wa tarehe 25 Oktoba 1980. Nchini Uingereza unatumika tangu Agosti 1986, kupitia sheria iliyopitishwa mwaka 1985. Mtoto wa chini ya miaka 16 akiondolewa katika nchi anayoishi, au akizuiwa asirudi, kinyume cha haki ya malezi ya mzazi mwingine, nchi alikopelekwa inatakiwa imrudishe haraka. Mahakama ya huko haiamui nani alee. Inaamua tu kama mtoto arudi, ili mahakama ya nyumbani kwake ndiyo iamue mengine.

Shika namba mbili. Ya kwanza ni wiki 6: kesi isipoamuliwa ndani ya muda huo, aliyeomba anaweza kudai maelezo ya kuchelewa. Ya pili ni mwaka 1: ukifungua kesi baada ya mwaka kupita, mzazi mwingine anaweza kujitetea kwamba mtoto ameshazoea maisha mapya, na mahakama inaweza kumsikiliza. Wiki tatu za kusubiri barua isiyo na jibu si wiki tatu za bure. Zinakatwa kwenye mwaka huo.

Maombi ya kumrudisha mtoto yanapelekwa wapi?

Kila nchi mwanachama ina ofisi inayoitwa Mamlaka Kuu, na nchi yenye mifumo zaidi ya mmoja ya sheria inaruhusiwa kuwa na zaidi ya moja. Ukiishi England au Wales, ofisi yako iko London, chini ya Wizara ya Sheria. Ukiishi Scotland, iko Edinburgh, ndani ya Serikali ya Scotland. Ukiishi Ireland Kaskazini, iko Belfast, katika idara inayoendesha mahakama.

Kesi nazo zinafuata mgawanyo huo huo. Mtoto aliyeletwa England kutoka ng'ambo, kesi yake iko Mahakama Kuu, kitengo cha familia, London. Aliyeletwa Scotland, ni mahakama ya juu ya Edinburgh inayoitwa Court of Session.

Usisubiri mbunge ndipo upeleke maombi. Maombi kwanza. Mbunge anakuja kusukuma pale palipokwama.

Basi mbunge ana kazi gani hapa?

Ana kazi kubwa, ila si ile watu wanayoitarajia. Mbunge hawezi kumwamuru jaji, wala kumpandisha mtoto kwenye ndege. Anachoweza ni kumlazimisha waziri ajibu hadharani, kwa maandishi, na jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Barua ya ofisi inaweza kusema "tunalifanyia kazi" mara tano mfululizo. Jibu la bungeni mtu mwingine atalisoma, wakili atalinukuu, na mbunge mwenzake atauliza swali la nyongeza juu yake.

Na ukiishi Scotland una wawakilishi wengi kuliko unavyodhani: mbunge mmoja wa Westminster, yaani Bunge la Uingereza lililoko London, mbunge wa jimbo lako katika Bunge la Scotland, na wabunge saba wa kanda yako. Jumla ni tisa. Yule mama wa Glasgow alikuwa akimjua mmoja tu, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye kipeperushi kilichosukumwa mlangoni.

Nani aulizwe kuhusu nini?

Nitaeleza kwa mtoto aliyekuwa akiishi Scotland, kwa sababu huko ndiko mkanganyiko ulikojaa.

Kama nchi alikopelekwa ni mwanachama wa Mkataba, uhusiano wa Uingereza na nchi hiyo ni wa Waziri wa Mambo ya Nje, London. Pasipoti ya Uingereza iliyotolewa bila ridhaa yako ni ya Waziri wa Mambo ya Ndani, London, kwa kuwa pasipoti ni moja kwa nchi nzima. Lakini Mamlaka Kuu ikichelewesha maombi yako, idadi ya maofisa wake, msaada wa kisheria, polisi wa Scotland, na sheria inayosema kutorosha mtoto ni kosa au si kosa, yote hayo ni ya mawaziri wa Edinburgh.

Familia iliyohamia Cardiff isichukue mfano huo wa Scotland mzima mzima. Kwa Wales, maswali ya mahakama na ya Mamlaka Kuu chini ya Mkataba wa 1980 yanaelekezwa London. Yanayohusu maofisa wa ustawi wa watoto yanakwenda Cardiff.

Kwa nini mbunge wangu wa Westminster aliambiwa swali lake haliruhusiwi?

Kwa sababu ya azimio la baraza la chini la Bunge la tarehe 25 Oktoba 1999. Linasema maswali hayapokelewi juu ya mambo ambayo wajibu wake umegatuliwa. Kabla swali halijamfikia waziri, makarani wa Bunge hulipima kwa kipimo hicho.

Azimio lenyewe lina milango, na nasikitika kwamba wasaidizi wengi wa wabunge hawaitumii. Swali linapita likiomba taarifa ambayo serikali ya London ina uwezo wa kuidai kutoka serikali iliyogatuliwa. Linapita likihusu muswada uliopelekwa au utakaopelekwa Westminster. Linapita likihusu makubaliano ya mawasiliano kati ya serikali hizo mbili, au jambo ambalo mawaziri wa London wamejihusisha nalo rasmi. Na linapita likimtaka waziri achukue hatua pale ambapo bado ana mamlaka ya kiutendaji.

Tazama huo mlango wa makubaliano ya mawasiliano. Utoroshaji wa watoto kuvuka mipaka karibu wakati wote unagusa serikali mbili zinazopaswa kuongea. Kwa hiyo karibu wakati wote kuna swali halali la kuuliza: mmeongea lini, na mliongea nini?

Swali zuri linaandikwaje?

Hili ndilo ninaloulizwa na wasaidizi wa wabunge wenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua swali hili: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia wazazi ambao watoto wao wametoroshewa nje?" Linasikika vizuri, lakini halina meno. Waziri atajibu kwamba Serikali inalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, na siku itakuwa imekwisha.

Sasa linganisha na haya:

"Kumwuliza Waziri wa Mambo ya Nje, ni tarehe gani alipowasiliana mara ya mwisho na mawaziri wa Scotland kuhusu nchi ambazo uanachama wake katika Mkataba wa Hague wa 1980 Uingereza bado haijaukubali."

"Kuiuliza Serikali ya Scotland, Mamlaka Kuu ilichukua wastani wa siku ngapi, katika kila mwaka kati ya mitano iliyopita, kutoka kupokea maombi hadi kuyapeleka nchi ya pili."

Maswali hayo yana tarehe, idadi na mwenye kuwajibika. Waziri akikosa jibu atalazimika kusema kwamba takwimu hizo hazitunzwi, na hilo nalo ni jibu zito, maana linaonyesha jambo ambalo hakuna anayelihesabu.

La kwanza kati ya hayo mawili pia lina siri ndani yake. Nchi ikijiunga na Mkataba baadaye, Mkataba hauanzi kufanya kazi kati yake na Uingereza mpaka Uingereza itamke kwamba imeukubali uanachama huo. Wazazi wanaona jina la nchi kwenye orodha, wanashangilia, kisha wanaambiwa haihusiki. Kukubali au kutokukubali ni uamuzi wa London, lakini mtoto anayeathirika anaweza kuwa wa Dundee, Scotland.

Mbinu iliyo bora ni kuuliza mara mbili kwa wiki moja: mbunge wa Westminster amwulize waziri wa London, na mbunge wa Scotland amwulize waziri wa Edinburgh, kwa maneno yanayofanana. Majibu mawili yakiwekwa ubavu kwa ubavu, ufa unaonekana kwa macho.

Jibu huchukua muda gani?

Westminster, katika baraza la chini, swali la maandishi la kawaida linatarajiwa kujibiwa ndani ya takribani wiki moja ya kazi. Lipo pia swali la siku maalumu, ambalo mbunge hutaja tarehe anayotaka jibu, kwa notisi isiyopungua siku 3 za vikao, na haruhusiwi kuwasilisha zaidi ya 5 ya namna hiyo kwa siku. Katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu, na katika Bunge la Scotland ni siku 10 za kazi, ingawa Scotland huongeza muda wakati wa likizo ya Bunge.

Mwombe swali la siku maalumu. Mwaka wako mmoja unakimbia.

Mbunge anaweza kumtaja mtoto wangu bungeni?

Mwombe asimtaje. Jambo lililo mbele ya mahakama wabunge wanatakiwa kuliepuka mpaka liamuliwe, na Spika anaweza kumzuia anayekiuka. Zaidi ya hapo, mtoto huyo atakua. Ataandika jina lake kwenye simu siku moja. Yanayohusu mtoto mwenyewe yaandikwe kwenye barua ya faragha kutoka kwa mbunge kwenda kwa waziri. Swali la bungeni liulize juu ya utaratibu.

Dada yangu wa Birmingham anasema ni jinai. Polisi wa Glasgow wanasema si jinai. Nani mkweli?

Wote wawili, na hili linaniumiza kila ninapolieleza.

Sheria ya Utoroshaji wa Watoto ya mwaka 1984 ina sehemu moja ya England na Wales, na nyingine ya Scotland. England na Wales, mzazi anayemtoa mtoto wa chini ya miaka 16 nje ya Uingereza bila ridhaa inayotakiwa anatenda kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Scotland, mzazi anatenda kosa la sheria hiyo pale tu ambapo tayari ipo amri ya mahakama iliyompa mwingine haki ya malezi au iliyokataza mtoto kutolewa. Pasipo amri, kumtoa bila ridhaa ni kuvunja sheria ya kiraia ya watoto ya 1995, lakini kosa hilo la jinai halipo.

Kwa hiyo mama wawili, ndugu wa tumbo moja, watoto wao wakipakiwa ndege moja siku moja, mmoja anapewa namba ya jalada la polisi na mwenzake anaambiwa amwone wakili. Anayeweza kubadilisha hilo ni Bunge la Scotland, na wa kuulizwa kwa nini bado liko hivyo ni waziri wa sheria wa Edinburgh. Westminster wakiulizwa watasema limegatuliwa, na safari hii watakuwa sahihi.

England nayo ilikuwa na tundu lake. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema kosa hilo linahusu kumtoa mtoto, si kumzuia asirudi baada ya kwenda kwa ridhaa. Yule anayesema "nakwenda naye likizo wiki mbili" kisha asirudi, sheria ya 1984 haikumgusa. Tume ya Sheria ilipendekeza mwaka 2014 lizibwe. Mbunge wako akitaka swali la kuanzia, aulize hatua za kuziba tundu hilo zimefikia wapi.

Mtoto kapelekwa Kenya, Tanzania au Oman. Mkataba unanisaidia?

Hapana. Nchi hizo tatu si wanachama wa Mkataba wa 1980. Uganda pia si mwanachama. Jirani zetu Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini wamo, na visiwani Mauritius na Shelisheli.

Pasipo Mkataba, kesi inafunguliwa huko huko aliko mtoto, kwa sheria za huko. Kenya, ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia, na kuna Sheria ya Watoto ya 2022. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya 2009, na Zanzibar ina yake ya 2011. Uliza mapema mtoto yuko upande upi wa bahari, kwa sababu wakili wa Dar es Salaam na wa Unguja hawasimami katika mahakama zile zile. Usipuuze wazee wa familia pia. Nimeona kikao cha wajomba na mashangazi, sebuleni, kikimrudisha mtoto kabla wakili hajamaliza kuandika hati ya kiapo.

Huku England, Mahakama Kuu inaweza kumweka mtoto chini ya ulinzi wake hata akiwa nje. Amri hiyo haiwafungi majaji wa Mombasa, lakini inawapa kitu cha kuangalia. Ofisi ya ubalozi wa Uingereza inaweza kukupa orodha ya mawakili na kujaribu kujua hali ya mtoto. Haiwezi kumchukua, wala haikulipii wakili.

Wabunge wa Nairobi na Dodoma nao wanaweza kuulizwa. Swali ni jepesi: Serikali ina msimamo gani juu ya kujiunga na Mkataba wa 1980? Watoto wetu wanatoroshwa kwenda pande zote mbili, na mzazi wa Tanga ambaye mtoto wake yuko Leicester hana Mamlaka Kuu ya kumwandikia.

Mimi ndiye niliyeondoka na mtoto. Nilikuwa napigwa.

Hujakosea ukurasa. Tafiti za ofisi ya Mkataba zinaonyesha kwamba takribani robo tatu ya wanaoondoka na watoto ni mama zao, na wapo wanaokimbia kama wewe. Ibara ya 13 inaruhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto kukiwa na hatari kubwa ya kumdhuru kimwili au kiakili, au kumweka katika hali isiyovumilika. Mtoto mwenyewe akipinga kurudi, na umri wake ukiruhusu, anasikilizwa.

Kuna jambo la kuuliza bungeni hapa pia. England na Wales, mzazi anayedai mtoto arudishwe chini ya Mkataba hupata msaada wa kisheria bila kupimwa kipato. Mzazi anayejitetea anapimwa. Mama aliyekimbia na begi moja anaweza kujikuta peke yake mbele ya wakili wa upande wa pili aliyelipiwa na umma. Kwa maoni yangu hilo si haki, na waziri wa London aulizwe mpaka alieleze.

Mtoto bado hajaondoka, lakini naona dalili.

Funga ukurasa huu upige simu polisi, 999. Wakiridhika kwamba hatari ni ya kweli na iko karibu, yaani ndani ya saa 24 hadi 48, wanaweza kutoa tahadhari kwenye viwanja vya ndege na bandari zote. Scotland, amri ya mahakama ina uzito mkubwa zaidi kwa sababu niliyoieleza juu, kwa hiyo mwamshe wakili hata kama ni usiku. Kituo cha Reunite kilichoko Leicester kina laini ya ushauri wa utoroshaji wa watoto kwa nchi nzima.

Kabla hujapiga, weka mezani cheti cha kuzaliwa, namba ya pasipoti ya mtoto, picha yake ya karibuni inayoonyesha uso wote, tarehe ya safari na jina la uwanja kama unalijua. Kama mtoto ana uraia wa nchi nyingine, waambie mapema, kwa sababu kuzuia pasipoti ya Uingereza hakuzuii ile ya pili iliyoko kwenye droo.